Linauma Lini? Maneno kwa matabibu na wauguzi wanaohitimu, Mbeya

Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliopanda magari ya alfajiri kutoka Kyela, Ileje, Chunya na Makete, na ninyi wahitimu ambao majoho yanawapwaya mabegani: itifaki imezingatiwa. Mwagona, na kamwene kwa mliotoka Njombe na Iringa.

Nimeombwa niseme nanyi kuhusu changamoto za afya ya mwanamke. Mada hiyo nikiisema yote, mtalala. Nimechagua ugonjwa mmoja, ule ambao wengi wenu mliusoma katika kipindi kimoja cha mwisho wa muhula, mkaandika nusu ukurasa, mkaombea usitoke kwenye mtihani. Endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake na wasichana milioni 190 hivi walio katika umri wa kuzaa, yaani mmoja katika kila kumi. Hesabuni wanawake walio ukumbini humu, mkianzia mistari ya wahitimu.

Kwa wazazi ambao hawakusomea udaktari, niseme kwa kifupi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando unaojengeka kila mwezi, kisha unabanduka na kutoka kama hedhi. Kwa mgonjwa huyu, tishu inayofanana na utando huo imeota nje: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, juu ya utumbo, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Nayo hufuata homoni zilezile. Mwezi ukifika inachubuka na kuvuja, ila damu yake haina pa kutokea. Panavimba, panaota makovu, viungo vinagandana, na mishipa ya fahamu ya eneo lile inakuwa myepesi kuuma hata siku ambazo hakuna hedhi. Kwa nini inaota huko? Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni. Ni maelezo mazuri, lakini wanawake wengi damu yao hurudi nyuma na hawaugui. Ipo sehemu ya kurithi, ipo ya kinga ya mwili, na ipo ya estrojeni, homoni ya kike ambayo vidonda hivi hujitengenezea vyenyewe. Hayo tuwaachie watafiti.

Langu leo ni muda. Kwa hesabu za Shirika hilohilo, tangu dalili za kwanza hadi mgonjwa kutajiwa jina la ugonjwa wake hupita kwa wastani kati ya miaka 4 na 12. Maana yake binti aliyeanza kuumwa akiwa kidato cha kwanza anaweza kupata jibu akiwa na miaka 25, ameshaolewa, ameshaitwa tasa na mawifi. Watu wakisikia hivyo wanalaumu mashine: hatuna vipimo, hatuna mabingwa. Ni kweli kwa sehemu, na nitafika huko. Lakini mimi, daktari wa wanawake ninayewapokea wagonjwa hawa mwishoni mwa safari, nikiwauliza wamepita wapi, naona kwamba miaka mingi zaidi imepotelea kwenye chumba cha kwanza. Chumba hicho ndicho mtakachokalia ninyi mkishapangiwa vituo. Imepotea kwa sababu aliyekaa nyuma ya meza aliuliza linauma wapi, akaishia hapo. Hakuuliza linauma lini.

Tuingie kwenye chumba hicho. Mwanamke ameshika chini ya kitovu. Mkojo unauma? Unauma kidogo. Anaandikiwa kipimo cha mkojo. Maabara inaona chembe za damu na chembe chache za usaha, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayekaribia siku zake au aliyeziingia tayari. Jibu ni U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo. Anaondoka na antibaiotiki ya siprofloksasini ya siku tano. Siku ya tano tumbo limetulia, dawa inasifiwa kijiji kizima. Kumbe hedhi ndiyo iliyokwisha! Mwezi unaofuata anarudi, na sasa ugonjwa umepandishwa cheo: U.T.I. sugu. Anachomwa sindano. Siku ya tano, nafuu. Mnaona dawa inavyojizolea sifa ambazo ni za kalenda? Kama kuna jina la ugonjwa linalogawiwa ovyo katika nchi hii, ni hilo. Na kila dozi isiyo ya lazima inafundisha vimelea kuizoea dawa, ili siku mtoto wa jirani akipata maambukizi ya kweli, dawa iwe imeshachoka.

Baada ya U.T.I. inakuja PID, maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija, ambayo mara nyingi huanzia kwenye ugonjwa wa zinaa. Dozi yake mnaijua kwa kichwa: seftriaksoni, doksisaiklini, metronidazoli, na mwenzi naye atibiwe. Ni dozi sahihi kwa PID ya kweli, na PID ya kweli ipo, tena ikiachwa inaharibu mirija. Sitaki mtu aondoke hapa akasema daktari ametukataza kuitibu. Ninachowaomba ni kuifikiria upya pale ambapo mgonjwa amemaliza dozi moja, akamaliza ya pili, na maumivu yanarudi kwa tarehe zilezile. Maana mkiandika PID mnaandika pia jambo lingine ambalo halipo kwenye karatasi. Mume ni dereva wa malori ya Tunduma. Anaambiwa mkeo ana maambukizi, nawe umeze dawa. Nani kayaleta? Mke anaapa, mume anaapa, wazee wanaitwa. Nimewapokea wanawake waliorudishwa kwao kwa karatasi ya namna hiyo, na nilipowachunguza ndani, ugonjwa wa zinaa haukuwepo hata chembe.

Kosa hili lina historia, wala halikuanzia kwenye nyanda zetu. Kwa miongo mingi vitabu vya kizungu vilifundisha kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye uwezo wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi akija na maumivu yaleyale, jibu lilikuwa tayari: PID. Ilipofika mwaka 1976, daktari wa Marekani Donald Chatman alichapisha matokeo ya wanawake weusi aliowachungulia tumboni kwa laparoskopi, kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo, akaonyesha kwamba miongoni mwa waliobandikwa PID walikuwemo wenye endometriosisi. Karibu miaka hamsini imepita. Bado nakutana na wataalamu wanaoniambia, wakiwa wamenikazia macho, kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Kisha kuna chango, jina la mitaani la maumivu ya tumbo la uzazi. Hapa wahitimu huwa wanacheka, basi chekeni mmalize. Mimi bibi anayechemsha mizizi simcheki, kwa sababu kuna jambo moja analifanya vizuri kuliko sisi. Binti akimlalamikia tumbo, bibi anamwuliza: linakuja na mwezi? Linaanza kabla ya damu au damu ikishatoka? Mama yako naye lilikuwa linamsumbua? Katika maswali hayo matatu bibi ameshachukua historia ambayo tabibu mwenye diploma hakuichukua. Ninachogombana nacho ni yanayofuata: vitu vya kuweka ukeni, na zile pakiti za unga wa kusafisha kizazi ambazo siku hizi zinatembezwa Mwanjelwa na kwenye simu za watoto wetu. Kizazi hakisafishwi kwa unga. Anayeuza hana maana nyingine zaidi ya pesa yako.

Na lipo jibu la nne, ambalo linatoka kwenye midomo ya watu wenye mapenzi mema kabisa: ukizaa litaisha. Mimba husimamisha hedhi, na hedhi ikisimama wengi hupata ahueni kwa miezi kadhaa. Baada ya kujifungua na kunyonyesha, ugonjwa unaweza kurudi palepale ulipoachia. Mtoto si dawa. Kumwambia hivyo msichana wa kidato cha tatu ni kumsukuma mahali ambapo hatutamsaidia kutoka, na kumwambia mama ambaye mimba imemkatalia ni kumchoma mara mbili.

Sasa, kuuliza. Mnafundishwa kuuliza maumivu ni makali kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Nendeni mkaulize hivyo Busokelo mnipe majibu. Mwanamke wa kwetu amelelewa kusema ni ya kawaida, kwa sababu mama yake alisema hivyo na shangazi yake alisema hivyo. Kwa hiyo msiulize ukali, ulizeni siku. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi analipwa kwa kilo. Mwezi uliopita siku ngapi hukwenda shambani? Siku tatu. Na mwezi wa nyuma yake? Tatu. Mwanafunzi wa bweni: umepewa ED, ile ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, mara ngapi muhula huu, na zilikuwa tarehe gani? Mama wa viazi wa Isyonje: siku ukiwa mwezini unaweza kubeba gunia? Hapo mnapata kipimo ambacho hakuna aliyemfundisha kukificha. Maumivu ya kawaida ya hedhi yapo. Yanakuja, yanatulia kwa dawa ya dukani, mtu anaendelea na kazi. Yanayomlaza mtu chini kila mwezi yanahitaji jina.

Mkishapata siku, ulizeni mengine. Ukiwa mwezini, haja kubwa inauma? Mkojo unauma siku hizo tu au siku zote? Mnapokutana na mwenzio, kuna maumivu ya ndani kabisa? Mmetafuta mtoto kwa muda gani? Dada au mama ana tatizo hili? Swali la tendo la ndoa najua linawapa tabu, hasa ninyi vijana wa kiume. Una miaka 23, mbele yako ameketi mama wa umri wa mama yako mzazi. Mwamkie kwanza, shikamoo mama, mpe kiti, kisha mwambie: kuna maswali ya ndani ninayowauliza kina mama wote wenye tumbo la namna hii, unaniruhusu? Sijawahi kuona aliyekataa. Kama amesindikizwa na mama mkwe, na kwetu mara nyingi husindikizwa, mwombe mama mkwe kwa heshima atupishe kidogo. Akikataa kutoka, mwiteni muuguzi, amchukue mgonjwa chumba kingine kwa kisingizio cha kupima presha. Uongo huo nawaruhusu.

Halafu mpeni kazi ya nyumbani. Kila nyumba ina kalenda ya ukutani, ya benki au ya duka la pembejeo. Awekewe alama mbili: moja ya siku ya damu, nyingine ya siku ya maumivu. Arudi baada ya miezi mitatu akiwa nayo, au aipige picha kwa simu. Nawaambia, kalenda hiyo ina thamani kuliko vipimo vingi nilivyoletewa.

Zipo pia sura za ugonjwa huu ambazo zitakuja zahanati bila kuhitaji mashine yoyote, mkono na swali vinatosha. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji, mwaka mmoja au miaka kadhaa baadaye, ana kinundu kwenye kovu. Kinauma. Ataambiwa ni uzi uliobaki, ataambiwa ni jipu, na yupo atakayelipasua. Mwulize lini kinavimba. Kama kinavimba kila akikaribia siku zake na kunywea zikiisha, huenda tishu ya mfuko wa uzazi ilipandikizwa kwenye kovu wakati wa upasuaji. Usikipasue, mpe rufaa, kitolewe chote kizima na kipelekwe kupimwa. Kwa kuwa wanaojifungua kwa upasuaji wanazidi kuongezeka, na hawa mtawaona.

Mwingine atatokwa damu kitovuni. Kila mwezi, kitovuni! Fikirieni maneno yatakayosemwa mtaani. Atakuwa ameshapitishwa kwa waganga na kwa wachungaji kabla hajawafikia ninyi, na pengine kuna shangazi anayetuhumiwa uchawi. Ukimweleza kwamba hali hii inajulikana hospitalini na kwamba inatibika, umemtibu yeye na shangazi.

Wa tatu anakohoa damu. Katika nchi yetu anayekohoa damu anapimwa kifua kikuu, na ninyi mtampima. Hilo halina mjadala. Lakini makohozi yakiwa safi mara ya kwanza na ya pili, na bado mtu anataka kumwanzishia dawa za miezi sita kwa kubahatisha, ulizeni kwanza: unakohoa damu tarehe gani? Kuna wanawake wachache, ni nadra lakini wapo, ambao tishu hii imefika kifuani. Hukohoa damu wakiwa mwezini tu, au pafu hupasuka na kunywea, mara nyingi la kulia, siku za hedhi. Vivyo hivyo kwa tumbo lililojaa maji yenye damu: tunafikiria kifua kikuu cha tumbo, tunafikiria saratani ya ovari, na ni sawa kufikiria. Ongezeni la tatu kwenye orodha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila tumbo la mwanamke ni endometriosisi. Nikitoka hapa na jeshi la matabibu wanaoandika neno moja jipya badala ya U.T.I., nitakuwa nimeharibu. Kwa mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye tumbo kali, kipimo cha mimba kinatangulia, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua kabla ya jioni. Kidole tumbo kipo. Ovari iliyojisokota ipo. Uvimbe wa kizazi upo kwa wingi, na unaweza kukaa pamoja na endometriosisi ndani ya tumbo moja.

Mashine, basi. Ultrasaundi siku hizi imefika hadi vituo vya afya, na tushukuru. Inaona uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Ikiwa mikononi mwa mtu mzoefu, na ikipitia ukeni, inaona hata utumbo uliogandana na mfuko wa uzazi. Madoa madogo yaliyotapakaa kwenye utando wa tumbo haiyaoni, na mwenye madoa hayo madogo anaweza kuumwa kuliko mwenye uvimbe mkubwa. Kipimo cha kupitia ukeni nacho hakifanywi kwa binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume, na wagonjwa wetu wa mwanzo wengi ndio hao. Kwa hiyo karatasi ikirudi imeandikwa kila kitu ni kawaida, maana yake ni kwamba kilichoonekana ni kawaida. Tafadhali msimwambie mgonjwa huna kitu. Nimewaona wasichana wakilia kwa neno hilo kuliko walivyolia kwa maumivu. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho baadhi ya maabara binafsi hukiuza kwa bei kubwa, hakithibitishi ugonjwa huu wala hakiukanushi. Mwokoeni mtu na gharama hiyo.

Inabaki laparoskopi, upasuaji wa matundu madogo. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba bila kuchungulia ndani na kuchukua kipande cha kupima hakuna ruhusa ya kutamka jina. Hebu pimeni kanuni hiyo kwa mtu wa Matamba huko Makete. Ashuke mlimani hadi barabara kuu, afike Mbeya, asubiri zamu; na vifaa vikiwa vimeharibika, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nani atamchungia ng'ombe? Habari njema ni kwamba hata wenye mashine wameilegeza. Mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi ilitoa mwongozo mpya: laparoskopi si tena kipimo cha lazima kabla ya tiba. Historia ikielekeza huko, mgonjwa anaweza kuanzishiwa matibabu, na upasuaji ukabaki kwa ambao picha hazionyeshi kitu na dawa hazijawasaidia, au ambao wenyewe upasuaji ndiyo tiba yao. Kwetu mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yalivyo kwao, kwa sababu yanarudisha tiba kwenye kituo cha afya.

Tiba yenyewe iko wapi? Iko kwenye kabati mnalolifungua kila siku, lile la uzazi wa mpango.

Nianze na dawa ya maumivu, halafu turudi kabatini. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya chakula. Kosa la wagonjwa wetu ni kuivumilia siku nzima, na kumeza kimoja wakati tayari wanagaragara sakafuni. Dawa hii inazuia kemikali ya maumivu isitengenezwe, ikishatengenezwa umechelewa. Aanze siku moja kabla ya damu kama mzunguko wake unatabirika, ama mara dalili ya kwanza inapogusa, na aendelee kwa saa, siku mbili tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito msimpe. Panado peke yake kwa wengi wao haifui dafu.

Sasa kabati. Vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi: vyote vinapunguza au kusimamisha kuchubuka kwa tishu ile, na kwenye vituo vya serikali vinatolewa bure. Mwenye vidonge anaweza kuviunganisha: akiruka vile saba vya kahawia na kuanza pakiti mpya, hedhi haiji, na maumivu ya hedhi hayana pa kuingilia. Angalieni vikwazo vyake kama kawaida. Mwenye presha, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, aliyewahi kuganda damu mguuni, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, hao msiwape vyenye estrojeni; wana njia za projestini pekee. Sindano inafaa wengi, ila mwelezeni kwamba baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba hukawia kurudi, mara nyingi kwa miezi kadhaa, ili asije akadhani mmemfunga kizazi. Na kuweni macho na kitanzi. Chenye homoni kinasaidia sana, kikipatikana. Cha shaba, ambacho ndicho kilichojaa kwetu, kinaongeza damu na maumivu. Mgonjwa wa namna hii ukimwekea cha shaba umempalilia ugonjwa.

Mnaona basi ugumu ulipo? Dawa ipo, ni bure, na haiendi kwa mgonjwa, kwa sababu ya kabati inamokaa. Binti wa miaka 16 hapewi kwa kuwa muuguzi anamwuliza unataka majira ya nini na wewe ni mwanafunzi. Akipewa, matron anakagua tranka, anakuta pakiti, binti anaitwa ofisini, na hadi jioni bweni zima linajua. Mama yake akisikia, anasema mmemfundisha umalaya. Mke ambaye hana mtoto hapewi kwa kuwa mumewe atauliza. Hatutashinda haya kwa kuwakaripia wazazi, nao wako hapa, wananisikiliza. Kwenu wazazi nasema: ukiona mwanao anameza vidonge hivyo kwa cheti cha daktari, ni dawa ya ugonjwa kama ilivyo dawa ya presha kwako. Kwenu wahitimu nasema: mwiteni mzazi, mweleze mwenyewe, mkiwa naye binti. Kisha mwandikieni shule barua yenye muhuri, isemayo kwamba mwanafunzi huyu anatibiwa maumivu makali ya hedhi na dawa zake ni hizi. Kwenye kadi yake msiandike uzazi wa mpango tu mkaishia hapo. Barua kama hiyo haizidi dakika kumi kuiandika, na imewabakiza mabinti shuleni.

Baada ya miezi mitatu hadi sita mtampima kwa kalenda yake. Akipata nafuu, endeleeni. Asipopata, mpeni rufaa. Zipo dawa nyingine za homoni huko juu, kama dienogesti, na sindano zinazozima ovari kwa muda. Hizo zinaleta joto la mwili na kupunguza nguvu ya mifupa, bei yake inatisha, na zinahitaji bingwa. Upo upasuaji wa kukata na kuondoa vidonda, ambao mikononi mwa mzoefu unabadilisha maisha, ingawa kwa wengi maumivu hurudi baada ya miaka. Kung'oa kizazi kama dawa ya kwanza kwa mwanamke wa miaka 28 sikubaliani nako. Ukikitoa kizazi na vidonda vikabaki kwenye utumbo, umechukua uzazi wake na umemwachia maumivu.

Anayetafuta mtoto ana njia yake tofauti, na msimcheleweshe. Inakadiriwa kwamba kati ya wanawake 30 na 50 katika kila 100 wenye ugonjwa huu hupata shida ya kushika mimba. Maana yake pia ni kwamba wengi wanashika, tena bila msaada, na mwambieni hivyo. Dawa za kabati hazimwongezei uwezekano wa mimba, zinauzuia kwa muda. Akiwa ametafuta mwaka mzima, au miezi 6 kama amevuka miaka 35, apewe rufaa, aende na mume, na mume naye apimwe mbegu. Hilo la mume nalisisitiza kwa sababu nimepokea wake waliozunguka hospitali kwa miaka huku mume hajatoa hata sampuli. Upandikizaji wa mimba upo nchini, kwa mamilioni ya shilingi, na sitawadanganya kwamba mchuma chai ataufikia.

Nimalizie na barua ya rufaa, kwa kuwa ndiyo inayonifikia mimi. Barua nyingi zimeandikwa hivi: mgonjwa ana maumivu ya tumbo, tunaomba msaada wenu. Basi mgonjwa anaanza upya. Mkojo, ultrasaundi, dozi. Andikeni ameanza kuumwa akiwa na umri gani, siku ngapi kwa mwezi, kabla au baada ya damu, haja kubwa ikoje, tendo la ndoa likoje, dozi gani za antibaiotiki ameshamaliza na ngapi, homoni gani amejaribu kwa miezi mingapi. Ambatisheni picha ya kalenda. Na mwishoni andikeni mnachoshuku, kwa jina lake, hata kama mnaogopa kukosea. Mkikosea nitawapigia simu kuwaambia ni kitu gani tulichokuta, nanyi mtajifunza. Msipoandika kitu, sina cha kuwajibu.

Kabla hamjaondoka leo, mnaopangiwa Ileje, Songwe na Makete chukueni namba za simu za daktari wa wanawake wa hospitali ya rufaa mtakayokuwa mnapeleka wagonjwa. Muuguzi wangu amekaa pale mlangoni na daftari, na yangu imo. Pigeni hata usiku. Mkuu wa Chuo ananionyesha saa, na magari ya Chunya hayamsubiri mtu. Asanteni kwa kunisikiliza, na hongereni sana.